Mto Zigi kutoka Amani hadi Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mto Zigi uko wapi hasa?

Uko mkoani Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Unaanzia kwenye misitu ya Amani, juu ya Milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, na kuishia Bahari ya Hindi karibu na jiji la Tanga. Ni mto mdogo, wenye urefu wa takribani kilomita 100. Karibu nao unapita Mkulumuzi, mto mwingine mfupi unaoelekea bahari hiyohiyo.

Watu wengi huuhesabu kuwa tawi la Pangani, lakini si kweli. Zigi una njia yake mpaka baharini. Kinachowachanganya ni utawala: Bodi ya Maji Bonde la Pangani husimamia Pangani pamoja na mito midogo jirani, yaani Umba, Msangazi, Zigi na Mkulumuzi. Kwa hiyo barua za Zigi hutoka ofisi ya Pangani, ingawa maji ya mito hiyo miwili hayakutani.

Ni Zigi au Sigi?

Yote mawili hutumika. Wenyeji, Wabondei na Washambaa, husema Zigi. Ramani na vitabu vingi vimeandika Sigi, na ikumbukwe kuwa eneo hili lilichorewa ramani wakati wa Wajerumani, ambao herufi S mbele ya irabu huisoma z. Ukitafuta taarifa za mto huu tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utakosa nusu yake.

Chanzo chake ni kimoja?

Hapana, na hili ndilo jambo la kwanza kuelewa. Ukienda Amani ukaomba uonyeshwe "chanzo cha Zigi", utaonyeshwa kijito kimoja kati ya vingi. Juu kule kila bonde dogo lina chemchemi yake, na kila chemchemi ina kijito ambacho mtu mzima anakiruka. Dodwe, unaopita Amani penyewe, ni mmojawapo. Vijito hivyo vinaungana hatua kwa hatua, kisha Muzi na Kihuhwi, ambao ni matawi makubwa, yanaongeza maji yao. Kihuhwi una uzito wake kiasi kwamba wakulima wa juu wameunda umoja wao wa uhifadhi wakauita kwa majina ya mito yote miwili: UWAMAKIZI, Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi.

Matokeo yake ni kwamba huwezi kuulinda mto huu kwa kuweka uzio kwenye chemchemi moja. Ukikilinda kijito kimoja na kuviacha tisa, umelinda sehemu moja ya kumi.

Kwa nini kuna mvua nyingi Amani kuliko Korogwe, na si mbali?

Usambara Mashariki ni milima ya kwanza ambayo upepo wa baharini unakutana nayo, takribani kilomita 40 tu kutoka pwani. Hewa yenye unyevu inagonga mteremko, inapanda, inapoa, na unyevu wake unageuka ukungu na mvua. Amani, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 900, hupata takribani milimita 1,900 kwa mwaka. Tanga mjini hupata kama milimita 1,300. Upande wa pili wa safu, kwenye bonde la Lwengera na kuelekea Korogwe, upepo unafika umeshamwaga mzigo wake, na mashamba yanaonyesha hivyo.

Misimu ni miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Lakini Amani haina kiangazi kikavu kama cha pwani. Hata Julai na Agosti kuna manyunyu na ukungu unaolowesha majani asubuhi nzima.

Kwa nini Zigi haukauki kiangazi?

Jibu la haraka ni "kwa sababu ya msitu", na wengi huishia hapo. Tunaona linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa likieleweka vibaya watu hupanda miti isiyofaa mahali pasipofaa kisha wakashangaa chemchemi imekauka.

Mti hautengenezi maji, unayanywa. Msitu unausaidia mto kwa kuulinda udongo. Miamba ya Usambara ni ya kale sana, ya aina ya nisi, na kwa joto na mvua ya muda mrefu sehemu yake ya juu imeoza na kuwa udongo mwekundu wenye kina cha mita nyingi. Udongo huo ni ghala. Chini ya msitu wa asili, tone la mvua linagonga jani, linadondoka kwenye jani la chini, linaangukia takataka za majani zenye unene wa vidole kadhaa, kisha linazama kupitia matundu ya mizizi, minyoo na mchwa. Linatoka wiki au miezi baadaye kwenye chemchemi chini ya mteremko. Maji ya Septemba unayoyaona Zigi, sehemu kubwa ni mvua ya masika iliyokuwa safarini ardhini.

Ondoa kivuli na takataka hizo, na tone litagonga udongo mtupu. Chembe laini zinaziba matundu, uso wa udongo unakuwa kama umesakafiwa, na mvua ileile inakimbilia mtoni kwa saa chache. Mto unafurika Aprili na kupungua Septemba. Ukijumlisha maji ya mwaka mzima huenda hayakupungua. Kilichoharibika ni ghala.

Ndiyo maana mikaratusi kando ya chemchemi si uhifadhi. Inakua haraka, inanywa maji mengi, na chini yake mara nyingi hakuna kichaka cha kupokea mvua. Karibu na maji acha uoto wa asili ujirudie wenyewe, au panda mikuyu na miti mingine ya mabondeni ambayo wazee wa kijiji wanaitambua. Mikaratusi ipelekwe mbali, mahali ambapo mahitaji ni nguzo na kuni.

Mto unapita wapi baada ya kutoka mlimani?

Juu kuna uwanda wenye vilima kwenye mita 900 hadi 1,100: msitu, mashamba ya chai kama Kwamkoro na Bulwa, na vijiji. Kisha ukingo wa mlima unashuka ghafla. Kati ya Amani na Zigi Kisiwani, umbali wa kama kilomita 10 kwa barabara, mto unapoteza zaidi ya mita 400. Hapo ndipo penye maporomoko, mawe makubwa kama vibanda na mabwawa madogo yenye maji meusi ya kivuli.

Chini ya hapo mteremko unalegea. Unakuta mitiki ya shamba la Longuza, michungwa ya Muheza, minazi na mkonge. Mwamba nao unabadilika: karibu na pwani mto unaingia kwenye chokaa ya zama za Jura, ileile iliyochimbwa na maji hadi yakatokea mapango ya Amboni. Kabla ya kufika huko, maji yamezuiwa kwenye bwawa la Mabayani.

Bwawa la Mabayani lina kazi gani?

Ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Lilijengwa mwaka 1978. Maji yake husafishwa kwenye mtambo wa Mowe na kusambazwa na Mamlaka ya Maji, Tanga UWASA. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma na kutunza chanzo. Kwa maneno mengine, kuna watu wamewekeza akiba zao kwa kuamini kwamba vijito vya Amani vitaendelea kutiririka.

Adui wa bwawa ni tope. Maji yakifika bwawani hupunguza mwendo, na kilichobebwa kinazama. Mchanga unazama kwanza kwenye mdomo wa bwawa, tope laini linafika mbele zaidi. Kila sentimita ya tope chini ni maji yasiyohifadhiwa juu, na kulichimbua ni gharama kubwa kuliko kulizuia lisitoke shambani.

Kwa nini maji ya bomba huwa ghali zaidi kusafisha wakati wa mvua?

Jaza chupa angavu maji ya mto siku moja baada ya mvua kubwa, uiache mezani. Ndani ya dakika moja utaona mchanga umekaa chini. Baada ya saa kadhaa inafuata tabaka ya tope laini. Lakini juu maji bado ni mekundu kama chai ya rangi, na kesho yake yatakuwa hivyohivyo. Huo wekundu ni mfinyanzi: chembe ndogo mno, zenye chaji ya umeme inayofanana, kwa hiyo zinasukumana na hazishikani ili zipate uzito wa kuzama.

Mtambo huongeza shabu ili kuvunja kusukumana huko; chembe zinagandana kuwa mabonge na kuzama. Maji yakiwa machafu zaidi shabu huongezwa, vichujio huziba mapema na kuoshwa mara nyingi. Klorini nayo haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope, kwa kuwa vijidudu hujificha kwenye chembe. Ukiwa nyumbani mpangilio ni uleule: tuliza usiku kucha, mimina ya juu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha ndipo uchemshe au utie klorini. Kutia klorini kwenye maji mekundu ni kupoteza dawa.

Nawezaje kupima maji ya kijito bila kifaa cha kitaalamu?

Kwa njia ya boya. Unahitaji kamba, futi ya kupimia, saa ya simu na chungwa. Chungwa ni zuri kwa sababu linaelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana. Jani au kizibo cha chupa hupeperushwa na kukupa kasi ya uongo.

Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, kisicho na jiwe kubwa katikati wala maji yanayozunguka. Funga kamba mwanzo na mwisho. Pima upana, tuseme ni mita 4. Pima kina sehemu nne zenye nafasi sawa: mita 0.15, 0.30, 0.35 na 0.20. Wastani ni 0.25. Upana mara kina cha wastani ni mita ya mraba 1.0. Fanya hivyo kwenye kamba zote mbili, uchukue wastani wake.

Dondosha chungwa mita 2 juu ya kamba ya kwanza ili lishike mwendo wa maji kabla hujaanza kuhesabu. Rudia mara tano, uliache nje jaribio ambalo chungwa limegota. Wastani ukiwa sekunde 20, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Hapa ndipo wengi hukosea: maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe. Kwenye kijito cha mawe na kina kifupi zidisha kwa 0.65, kwenye mto wenye kina na sakafu laini, 0.85. Kwa mfano wetu: 1.0 × 0.5 × 0.65 = mita za ujazo 0.325 kwa sekunde, yaani lita 325.

Kipimo hiki kinaweza kukosea kwa robo nzima. Thamani yake iko kwenye kurudia mahali palepale, kila mwezi, kwa mkono uleule. Andika pia mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Bila hilo tarakimu haisemi kitu.

Iliki inahusikaje na mto?

Inahusika sana. Iliki inataka kivuli na unyevu, kwa hiyo imelimwa ndani ya msitu: mkulima anafyeka vichaka vya chini na kuacha miti mikubwa. Kwa mbali msitu unaonekana mzima, lakini chini miche ya miti imeondoka, na miti mikubwa ikifa haina mrithi. Baada ya miaka kadhaa mavuno yanashuka kwa sababu udongo huu una tindikali na rutuba yake iko kwenye takataka za juu tu. Hapo mkulima anaangusha kivuli na kuingiza mahindi na migomba. Mto unapata tope katika hatua hiyo ya pili.

Haifai kumlaumu mkulima aliye na watoto shuleni na ekari moja kwenye mteremko. Mdalasini, karafuu na pilipili manga iliyopandishwa kwenye miti vinaweza kumwingizia fedha bila udongo kuachwa wazi kila msimu.

Nalima kwenye mteremko. Nizuieje udongo usiende mtoni?

Lima kwa kufuata usawa wa mlima, na uupime. Jicho linadanganya sana mteremkoni. Tengeneza fremu ya A: miti miwili iliyonyooka ya mita 2 iliyofungwa juu, miguu ikiachana kama mita 1.8, na fito ya kukatiza katikati. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni, iwe inagusa fito.

Kabla ya kuitumia, irekebishe. Simamisha fremu, weka alama kamba inapopita kwenye fito. Geuza, mguu wa kulia ukae mahali pa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Kuiruka hatua hii ndiyo sababu matuta mengi hupasuka mvua ya kwanza: mstari ulikuwa na mwelekeo, maji yakajikusanya upande mmoja.

Tembea na fremu ukichomeka vigingi kila kamba inapokaa kwenye alama ya katikati. Kati ya mstari na mstari acha kushuka kwa wima kwa mita 1 hadi 1.5. Panda majani ya guatemala au mabingobingo safu mbili, kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30, mwanzoni mwa mvua. Ng'ombe atapata malisho, na baada ya misimu kadhaa udongo uliokwama nyuma ya majani hujenga tuta lenyewe.

Sheria inasema nini kuhusu kulima kando ya mto?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kuvuta maji kwa pampu au mfereji kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Bonde. Kuchota ndoo ya nyumbani hakuhitaji. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 yenye hekta 8,380 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kuna masharti zaidi: hakuna kulima, kukata mti wala kuchimba.

Mhesi ni mti wa asili wa hapa?

Si wa Usambara. Uliletwa, ukapandwa, na ulipata nafasi kubwa baada ya uvunaji wa magogo kuacha msitu ukiwa na mapengo. Ndege aina ya hondohondo hula matunda yake na kutapanya mbegu mbali. Hukua haraka na kuziba pengo kabla mtambao na msambu, miti ya asili inayokua polepole, havijainuka. Kuukata wote kwa mpigo kungefungua udongo kwenye jua na mvua, kwa hiyo hushughulikiwa taratibu, pengo kwa pengo.

Kuna hatari gani za kiafya mtoni?

Juu, kwenye maji yanayokimbia, angalia nzi wa usubi. Ni mdogo, mweusi, mwenye mgongo ulioinuka, na huuma mchana. Hapa Usambara Mashariki funza (watoto) wa aina mojawapo ya nzi hao hukua wakiwa wamejishika kwenye magamba ya kaa wa mtoni. Inua jiwe kijitoni, mkamate kaa kwa nyuma ya makucha, na pengine utawaona: vijiti vidogo vimeng'ang'ania. Nzi hao hueneza ugonjwa wa usubi, unaowasha ngozi na kuharibu macho. Dawa ya ivermectin ikigawiwa kijijini, usiikose. Vaa mikono mirefu ukiwa kijitoni.

Chini, kwenye maji yaliyotulia, hofu ni kichocho, kwa kuwa konokono wanaokibeba hupenda maji ya polepole na majani. Na kabla ya kuingia mto wa tambarare au bwawani, waulize wenyeji kuhusu mamba.

Nikitaka kuuona mto, niende vipi?

Fika Muheza, kilomita chache chini ya 40 kutoka Tanga kwa lami. Kutoka hapo hadi Amani ni kama kilomita 36. Kituo cha kwanza ni Zigi Kisiwani, penye lango la hifadhi na jengo la stesheni ya zamani ya reli nyembamba iliyotoka Tengeni kubebea mbao enzi ya Mjerumani. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji, panda kwa miguu asubuhi. Kwenye miamba yenye kivuli kando ya maji tafuta Saintpaulia, ua dogo la zambarau lililochukuliwa Tanga mwaka 1892 na leo linapandwa madirishani dunia nzima. Lipige picha uliache. Kila mwamba una machache.

Usiende Aprili kwa gari la chini. Na usivuke kijito kilichofika juu ya magoti. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu huku ulipo jua linawaka. Dalili ni hizi: maji yanaanza kubeba vijiti na majani mabichi, rangi inageuka ghafla, na unasikia mawe yakigongana chini. Toka hapohapo, panda juu, usifuate mto.

Maji yamekuwa mekundu kiangazi na hakuna mvua. Nifanye nini?

Hiyo si kawaida. Huenda kuna mtu anachimba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchimbaji haramu wa dhahabu uliingia kwenye vijito vya Amani, hasa Sakale, na ulichafua maji hadi chini. Andika tarehe, saa na mahali. Panda hadi maungano ya kwanza, ulinganishe matawi mawili: moja litakuwa safi. Jaza chupa kwa kila tawi, zipige picha zikiwa pamoja. Rudia maungano yanayofuata ikiwa njia ni salama, lakini usifike kwenye machimbo wala kuwasemesha wachimbaji. Peleka picha na maelezo kwa serikali ya kijiji, ofisi ya hifadhi na Bodi ya Bonde siku hiyohiyo, kwa sababu wachimbaji huhama usiku. Wakati huohuo nyumbani msinywe maji hayo hata yakichemshwa: zebaki inayotumika kukamatia dhahabu haionekani, haina harufu, na moto hauyafanyi maji kuwa salama. Tumieni maji ya mvua au ya kijito kingine kisichoungana na kile kilichochafuka.